Chonge za Shafii

Makorora, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Mwanao ni mzima, nakula, nalala, na shule naenda. Ninachotaka kujua kabla ya yote ni hali ya mdogo wangu Shafii. Homa imeshuka? Bado anaharisha? Ananyonya? Na wewe mgongo umepoa? Bibi miguu yake inaendeleaje? Najua maswali haya ungeweza kunijibu kwa simu, lakini simu ya nyumbani naijua. Inawekwa sauti ya juu katikati ya uwanja, Bibi anajibu kabla yako, na majirani wanasalimia wakipita. Nina jambo ambalo siwezi kulisema mbele ya watu wote hao. Wewe unanijua, hata mbele ya mtu mmoja nasema kwa taabu.

Barua hii anakuletea Kaka Seif, ambaye ameleta nazi sokoni na anarudi kesho. Nimemwambia aitie mkononi mwako, si mkononi mwa Bibi, wala asimpe mtoto wa jirani akuletee. Nimeifunga kwa gundi, na jina langu nimeliandika nusu juu ya kifuniko na nusu juu ya bahasha. Ukikuta herufi hazikutani vizuri, ujue imefunguliwa njiani. Usinicheke, Mama. Siku hizi namshuku kila mtu, na ukisoma utaona sababu.

Ijumaa uliponiambia kwenye simu kwamba Shafii ana homa, anaharisha, ufizi umevimba na udenda haukauki, Bibi alidakia: "Ni meno ya plastiki hayo! Tumeshamwita mtu, anakuja Jumatano." Nikangoja nikusikie wewe. Nilisikia kuku, nikasikia mtu anatwanga, lakini wewe sikukusikia. Ukimya ule ndio umenifanya nichukue kalamu.

Nianze na mambo ya shuleni, maana yote yalianzia huko.

Walikuja shuleni kwetu watu wa meno kutoka hospitali. Aliyetufundisha ni daktari kijana, dada mmoja mpole mwenye miwani. Alituuliza tunakula nini tangu kuamka hadi kulala. Wavulana wa nyuma wakapiga kelele, "Ubuyu! Barafu! Ubuyu wa kwa kina Zuhura!" Darasa zima likanigeukia, maana wote wanajua Shangazi anauza ubuyu mlangoni. Nilitamani dawati linifunike. Daktari hakucheka. Alisema sukari yenyewe si mwisho wa dunia, ubaya ni kuimumunya kutwa nzima, kwa sababu vijidudu vya mdomoni vinakula pamoja nasi, na kila vikila vinatoa asidi inayolainisha jino. Mdomo unahitaji kupumzika. Kitu kitamu kiliwe mara moja, pamoja na chakula, kisha mtu anywe maji. Mswaki ni asubuhi na kabla ya kulala, na baada ya kutema povu mtu asisukutue sana, ili dawa ikae kwenye meno. Nilimuuliza kwa kikaratasi kuhusu mswaki wa mti, kwa sababu sikuweza kunyanyua mkono. Alikisoma kwa sauti bila kunitaja, akajibu kwamba mswaki wa mti ni mzuri, mradi utumike vizuri hadi meno ya nyuma, na dawa ya meno isiachwe.

Kisha akatupima mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu nilifungua mdomo kidogo tu, kama kawaida yangu.

"Zaidi," akasema. "Zaidi kidogo. Dada, mimi sing'ati, na wewe sidhani kama unang'ata."

Akaingiza kioo chake kidogo, akazunguka, akasimama. Akazunguka tena.

"Chonge zako za chini ziko wapi?"

"Sijui."

"Ziling'olewa?"

"Hapana."

"Ulipokuwa mchanga uliugua sana? Homa, kuharisha?"

Hapo nikamshuku. Nilimwona kama mpiga ramli, yule anayekutupia maneno moja baada ya jingine mpaka moja likupate. Nikamjibu kwamba mimi ni mzima tangu kuzaliwa. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Sawa. Kamuulize mama." Rukia, aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari, hakutaka jambo hilo lipite hivi hivi. "Kumbe ndiyo maana unacheka umeziba mdomo! Kibogoyo wa kidato cha tatu!" Hata mimi sikuwa nimejua kwamba ndiyo maana.

Nilipofika nyumbani nilichukua kioo cha Shangazi, nikasimama mlangoni penye mwanga. Ni kweli, Mama. Chini, kulia na kushoto, pale ambapo watu wana jino lenye ncha, mimi nina ufizi mtupu, na meno ya jirani yamelala kuelekea kwenye pengo. Miaka yote nilidhani ndivyo mdomo wangu ulivyoumbwa.

Shangazi alikuwa anakoroga ubuyu kwenye sufuria, rangi nyekundu imempanda hadi kwenye viwiko. Nikamuuliza, "Shangazi, mimi nilipokuwa mchanga nilitolewa meno?"

Mwiko ukasimama. "Nani kakwambia?"

"Daktari wa meno, shuleni."

"Hao! Hao wametumwa na wauza dawa za meno. Wanaanza kukutisha, kisha wanakuuzia. Na ubuyu wangu wameusema?"

"Wamesema tusiumumunye kutwa."

"Unaona? Leo ubuyu, kesho kashata, kesho kutwa watatwambia chai tuinywe bila sukari. Wasichana wa Tanga wanakula ubuyu tangu hapo, na mbona wanaolewa!"

"Lakini meno yangu, Shangazi..."

"Meno yako hayakutaka kuota, basi. Lete bakuli."

Nilileta bakuli, lakini nililala na maneno yake. Angekuwa hajui kitu angeniuliza, "Meno gani?" Yeye aliuliza nani ameniambia. Tangu siku hiyo nikaanza kumtazama Shangazi kwa pembeni, naye nadhani alianza kunitazama mimi.

Haikupita wiki, akaugua Nasra. Huyu ni mtoto wa mpangaji mwenzetu, Mama Nasra, wa chumba cha pili. Ni wa umri wa Shafii, amejifunza kukaa juzijuzi. Alipata homa, akaharisha, udenda ukawa unamlowesha kifua. Maneno yakawa yale yale uliyoyasikia wewe kwa Bibi. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita mtu. Wanamwita Fundi tu.

Nilitarajia mtu wa kutisha. Akaja mzee msafi, kanzu imepigwa pasi, akapiga hodi vizuri, akaomba maji na sabuni, akanawa hadi juu ya mikono. Upole ule ndio ulionizidishia shaka. Nikajiambia, huyu anatembea na vijiplastiki vyake, atavificha chini ya kucha na kuvitoa mdomoni mwa mtoto kama anayefanya mazingaombwe. Nikaazimia kumkamata. Shangazi akaniambia nishike kisahani, nami nikakaa karibu kabisa, macho kwenye vidole vyake.

Mama Nasra alimweka mtoto mapajani mwa Shangazi, akainuka. Alikwenda uani, akasimama kuelekea ukutani, akaziba masikio kwa mikono miwili. Shangazi akashika miguu ya mtoto. Fundi akasema bismillahi, akatoa spoki ya baiskeli iliyochongwa ncha, akaipitisha kwenye moto wa mshumaa. Yaliyofuata sitayaandika yote. Kilio kile sijawahi kukisikia kwa mtoto yeyote. Kwenye kisahani changu akaweka vitu viwili vidogo, vyeupe, vinavyong'aa.

"Haya, mnaona wenyewe. Plastiki."

Nilivigusa. Vilikuwa laini, vikabonyea chini ya kidole. Wote walitikisa vichwa, wakamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa sijaona vidole vyake vikificha kitu, na hilo lilinisumbua. Shangazi aliponiambia nikavitupe chooni, nilivifunga kwenye karatasi nikavitia mfukoni mwa sare yangu.

Kesho yake Nasra hakunyonya. Midomo ilikauka, ufizi ukavimba zaidi, macho yakaingia ndani. Shangazi akasema tumpe muda, dawa haifanyi kazi papo hapo. Nikasema, "Tumpeleke hospitali." Hakuna aliyenisikia, maana nilisema kama ninavyosema siku zote. Nikasema tena, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliishtukia, "Mama Nasra, tumpeleke hospitali sasa hivi!" Mama Nasra akanitazama kama niliyemwamsha usingizini, akavuta kanga, akambeba mtoto. Shangazi akafuata nyuma, amekumbatia mkoba wake kana kwamba madaktari watamwibia.

Walimpokea upesi. Wakamwekea dripu, wakampa dawa ya kidonda. Nikamwona yule dada wa meno akipita koridoni. Nikamkimbilia, mimi, Mama, ambaye sijawahi kumsimamisha mtu mzima njiani. Nikafungua karatasi yangu.

"Hivi alikuja navyo mfukoni, sivyo? Ni plastiki kweli?"

Akavitazama kwa karibu. "Hapana," akasema. "Hakuja navyo. Ni vya huyu mtoto."

"Kwa hiyo ni kweli alikuwa na meno ya plastiki?"

"Alikuwa na meno. Meno yake mwenyewe. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Ng'ambo ya Pangani."

"Basi nazi unazijua kuliko mimi. Ukiangua dafu changa ukalipasua, ndani utakuta nini?"

"Utando laini."

"Na ukiliacha mtini?"

Hapo nikaelewa. Kila jino linaanza hivyo, ndani ya ufizi, laini na jeupe. Hizo zilikuwa chonge za Nasra, hazijakomaa. Akaniambia pia kwamba chini ya jino la utoto kuna mbegu ya jino la ukubwani, nayo mara nyingi huumizwa na spoki ile ile, ndiyo maana mwingine hukua mpaka kidato cha tatu akiwa na pengo. Na homa? Mtoto wa umri huo anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, kwa hiyo anaharisha. Ufizi unavimba kwa sababu jino liko njiani. Mambo mawili yamekutana kwenye mwili mmoja, na watu wanalishika lile linaloonekana.

Mama, nilikwenda pale nimejiandaa kumuumbua mwongo, na Fundi hakuwa mwongo. Alitoa alichosema atatoa. Kila aliyekuwepo aliona kwa macho yake, hata mimi. Ndiyo maana Bibi anaamini, na ndiyo maana sasa naogopa zaidi, kwa sababu mwongo ningemkamata mkono, lakini mtu mwenye nia njema na spoki mkononi nitamkamata wapi?

Niliporudi, Shangazi alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, mkoba mapajani, hatazami kitu.

"Zuhura."

"Abee."

"Miguu yako niliishika mimi."

Nikakaa chini.

"Ulikuwa unateketea," akasema. "Kabla yako tulikwisha kuzika mmoja, unajua hilo? Hujui. Mama yako alikuwa kama mtu aliyepotewa na akili. Bibi yako akasema hatungoji tena tuzike wa pili. Mama yako akakuweka mapajani mwangu, akaenda uani, akaziba masikio. Kama huyu. Na ukapona! Sasa unataka niseme sikukuona ukipona?"

 Nikasema, "Na Nasra naye ametolewa, Shangazi. Mbona hakupona?" Akageuka kuutazama mlango wa wodi. Tulikaa pale hadi Mama Nasra alipotoka kutuambia kwamba mtoto amekojoa, dalili kwamba maji yamemrudia mwilini, na daktari amefurahi. Sikuwahi kudhani mkojo wa mtoto unaweza kumliza Shangazi.

Nasra amerudi nyumbani. Ananyonya upande mmoja kisha anapumzika, lakini anacheka. Chonge zake hazitarudi.

Sasa nije kwako. Sikulaumu, Mama. Nimefikiri sana, nikaona kwamba msichana aliyekwisha kuzika mtoto mmoja hawezi kusimama peke yake dhidi ya nyumba nzima. Inawezekana ningepona hata bila Fundi. Siwezi kujua, na sitajifanya najua. Na kama hali ingekuwa ni kuchagua kati ya uhai wangu na meno mawili, ningechagua kama ulivyochagua. Lakini sivyo ilivyo kwa Shafii. Yeye ana zahanati, ipo hapo hapo kijijini. Anahitaji maji yale ya chumvichumvi za paketi, kidogo kidogo kwa kijiko, na anyonye kila anapotaka, na homa wakaipime wajue ni ya nini. Wala usingoje Jumatano. Nenda siku utakayosoma barua hii.

Nina shaka nyingine, na hii nakuomba unisamehe. Nashuku kwamba Jumatano umeshaipangia. Nashuku kwamba mtu akipiga hodi utamweka Shafii mapajani mwa Bibi, utakwenda uani, nami nitaambiwa kwa simu kwamba mtoto hajambo. Kama mmeshafanya, niambie ukweli, hata mbele ya watu wote. Kama bado, usiende uani safari hii. Kaa naye wewe. Mtu hawezi kumtoa mtoto jino akiwa mapajani mwa mama asiyetaka.

Bibi asikuogopeshe. Mwambie kwa heshima kwamba ni mimi niliyekataa, mwambie mtoto wa shule ameleta maneno ya vitabuni, lawama zote aniwekee mimi hadi nije. Najua atasema nimejaa ujuaji. Nitamwamkia, nitamkanda miguu, atanisamehe.

Na kuna ile chupa. Usiku Bibi humpa Shafii maji ya sukari guru ili alale. Daktari anasema hiyo ndiyo inayowaharibia watoto meno ya mbele hata kabla hawajaanza kutembea, kwa sababu sukari inalala nayo mdomoni. Kama anataka chupa usiku, yawe maji matupu. Kwa sasa mfute ufizi kwa kitambaa safi kilicholowa. Jino la kwanza likichomoza mnunulie mswaki mdogo, na dawa ya meno iwe kama punje ya mchele tu, asubuhi na kabla ya kulala. Uji wake mtilie dagaa waliosagwa, au karanga, na sukari muiache. Apate mchicha, apate papai. Hivyo vyote viko uani kwako na kwa Mjomba, wala si mambo ya mjini.

Shangazi bado anauza ubuyu wake, usidhani amebadilika sana. Bado anasema wale watu wa meno wana lao. Ila juzi nilimsikia mlangoni akiwaambia watoto, "Kuleni muumalize hapa hapa, kisha mkanywe maji! Sitaki mama zenu waje kunidai meno!"

Nilipokuwa naandika hapa alipita akasimama nyuma yangu. Nikafunika karatasi kwa mkono.

"Unamwandikia mama yako?"

"Ndiyo."

Nilidhani atataka kusoma. Alisimama tu, anafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu.

"Mwambie," akasema, "mie siji kumshika mtu miguu tena. Mwambie hivyo hivyo."

Basi nimekwambia.

Nisalimie Baba atakaporudi kutoka shamba la mkonge, mwambie hesabu zangu zimepanda, ila michezo bado. Mpe Bibi shikamoo yangu, na umwambie nampenda, uanze na hilo kabla ya mengine. Msalimie mke wa Mjomba aliyenifundisha kusoma juzuu, na mpe Kaka Seif chai kwa kazi ya kunibebea maneno haya. Na mbusu Shafii kwenye paji la uso, si mdomoni, mpaka apone.

Likizo ikifika nitavuka kwa kivuko cha asubuhi. Kabla ya kula, kabla hata ya kutua begi, nitanawa mikono kwa sabuni kisha nitatia kidole mdomoni mwa Shafii. Nitapapasa chini, kulia na kushoto, pale ambapo mimi nina ufizi mtupu. Hata kama chonge zake hazijatoka nitangoja, likizo hii au ijayo. Siku nitakayokuta kitu kigumu chenye ncha, naye akaning'ata kwa hicho, nitacheka mbele yenu wote, na mkono sitauinua kuziba mdomo.

Ni mimi mwanao, ninayekuwaza kuanzia sasa hadi Jumatano ipite,

Zuhura